Sanduku la rezista 600: nunua moja, usirudie

Nimelitumia sanduku hili mpaka baadhi ya vyumba vyake vimebaki vitupu na vingine havijaguswa kabisa, na huo ndio ushahidi mkubwa nilio nao. Ni sanduku la plastiki lenye rezista 600, vile vipande vidogo vya kuzuia mkondo wa umeme: thamani 30, kila thamani vipande 20, zote za utando wa metali, robo wati, zinazoruhusiwa kupotoka asilimia 1. Jina lililobandikwa kwenye kifuniko ni la muuzaji, si la kiwanda, kwa hiyo silitaji. Masanduku ya namna hii yanauzwa kwa majina chungu nzima, na ukiyafungua mara nyingi unakuta orodha ileile.

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma huku mmeshaweka kitu kwenye kikapu. Kwa anayeanza, au kwa mtu anayetengeneza saa leo na kipaza sauti mwezi ujao, sanduku hili ni ununuzi mzuri sana. Likianza kuisha, usinunue la pili. Sababu haihusu ubora wa rezista zenyewe, ingawa hapo nako nina ya kusema.

Shida ni kwamba limegawa sawa kwa sawa vitu ambavyo havitumiki sawa. Vipande 20 vya 10k (yaani omu 10,000; omu ni kipimo cha ukinzani, k ni elfu na M ni milioni), vipande 20 vya 680k, kana kwamba zinahitajika kwa kiwango kimoja. 10k huwekwa kila mahali: kila kitufe kinataka moja ya kuishikilia pini ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ya kipande kimoja) isielee, kila sensa ya mwanga inataka moja ya kugawana nayo volti, na ukijenga kitu chenye vitufe vinane umekwisha kula karibu nusu ya chumba. 680k nimeitafuta lini? Sikumbuki. Ni kama fundi cherehani anayenunua nyuzi za rangi zote kwa kipimo kimoja, ilhali kila mteja wa pili anamletea suruali nyeusi.

Orodha yenyewe ni hii, maana wauzaji wengi huificha kwenye picha isiyosomeka: 10, 22, 47, 100, 150, 200, 220, 270, 330, 470, 510 na 680 omu, kisha 1k, 2k, 2.2k, 3.3k, 4.7k, 5.1k, 6.8k, 10k, 20k, 47k, 51k, 68k, 100k, 220k, 300k, 470k, 680k. Na ya mwisho 1M. Isome polepole. Kuna 47k na 51k, ambazo zinatofautiana kwa asilimia 8 tu. Kuna 200 na 220, 2k na 2.2k, 4.7k na 5.1k, 470 na 510. Halafu kutoka 10k unaruka moja kwa moja hadi 20k, na kutoka 20k hadi 47k. Hakuna 15k, hakuna 22k, hakuna 33k. Aliyepanga orodha hii ametumia vyumba kwa mapacha na kuacha mashimo palipotakiwa watu.

Na utaratibu wa kupanga upo tangu zamani. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, ilichapisha mfululizo wa thamani za kawaida mwaka 1952, na ndio tunaoufuata mpaka leo. Ule wa E6 una hatua sita ndani ya kila zidisho la kumi (10 hadi 100, 100 hadi 1000, na kuendelea): 10, 15, 22, 33, 47, 68. Wa E12 unaongeza 12, 18, 27, 39, 56 na 82. Kila hatua ya E12 ni kubwa kuliko iliyotangulia kwa takribani asilimia 20, na hilo halikutokea kwa bahati: ulikusudiwa rezista zinazoruhusiwa kupotoka asilimia 10 juu au chini, hivyo 10 iliyopanda kabisa na 12 iliyoshuka kabisa zinakutana katikati bila kuacha pengo. Kama sanduku lingefuata E6 tu kuanzia 10 omu hadi 1M, lingehitaji thamani 31. Thamani moja tu zaidi ya zilizomo, na mashimo yote yangezibika! Hili ndilo linaloniudhi kuliko lolote.

Ila nimtendee haki aliyepanga. 20k na 2k, ambazo si za E6 wala E12 bali za E24, mfululizo wenye hatua 24, zina kazi yake maalumu. Ukitaka kushusha ishara ya volti 5 iingie kwenye kifaa cha volti 3.3, 10k juu na 20k chini zinakupa 3.33, na 1k na 2k hivyo hivyo. Hizo mbili nazitumia sana, na nadhani zimo kwa sababu hiyo. 51k na 510 sijazipatia utetezi.

Mashimo yanazibika kwa kuunganisha, kwa gharama ya nafasi kwenye bredibodi, ile bodi ya mashimo ya kuchomekea vipande bila kulehemu. 12k ni 10k na 2k mfululizo, moja nyuma ya nyingine. 22k ni 20k na 2k. 15k unaikaribia kwa 10k na 5.1k, ukipotoka chini ya asilimia 1 (basi 5.1k nayo imepata utetezi). 1.5k ni 1k na 510, haya, na 510 imepona. 33k ni tatu za 100k sambamba, bega kwa bega, na hapo unaanza kuona jinsi chumba cha 100k kinavyokwisha. 120 omu, ile inayotakiwa miishoni mwa waya wa mawasiliano wa RS-485 au CAN, ni 100 na mbili za 10 zikifuatana, na saketi yako inaanza kufanana na uzio.

Tuje kwenye mistari ya rangi inayoonyesha thamani, ambapo wanaoanza hulia. Rezista hizi zina mistari mitano, si minne, kwa kuwa ni za asilimia 1: tarakimu tatu, kizidisho, na wa mwisho ni kiwango cha kupotoka, ambacho kwa asilimia 1 ni kahawia. Hapo ndipo matata yanapozaliwa, kwa sababu kahawia pia ni tarakimu 1, na thamani nyingi tunazozipenda zinaanza na 1. Chukua 10k: kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Igeuze: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Umesoma 120 omu, thamani halali kabisa, na hakuna kinachokushtua. 1k ukiigeuza inasomeka 110. 100k inasomeka 130. Zote ni thamani zinazotengenezwa kweli. Iliyo salama kabisa ni 100 omu, kwani ina kahawia kila upande na nyeusi tatu katikati, ukiigeuza ni ileile.

Kanuni inasema mstari wa mwisho uachwe mbali kidogo na mingine ili ujue pa kuanzia. Kwenye rezista za sanduku hili umbali ni mmoja, nimezikodolea macho kwa kioo cha kukuzia. Mwili nao ni wa bluu, kama zilivyo nyingi za utando wa metali, na juu ya bluu hiyo, chini ya taa ya manjano ya usiku, kahawia, nyekundu na chungwa zinageuka kuwa ndugu wa tumbo moja. Zile za kaboni zenye mwili wa rangi ya mchanga na mistari minne, wa mwisho dhahabu, zinasomeka kirahisi zaidi hata kama kila kitu kingine kwazo ni duni. Faraja moja: 110, 120 na 130 hazimo sandukuni, kwa hiyo ukisoma hivyo na una hakika rezista imetoka humu, igeuze usome tena. Mimi siku hizi sisomi. Multimita, ile mita ya kupimia umeme, iko mezani, miguu miwili, sekunde moja.

Nimezipima, bila shaka. Chumba cha 10k kilinipa vipimo kati ya 9.96k na 10.03k, na vyumba vingine vilikuwa na tabia hiyohiyo; hakuna hata moja iliyotoka nje ya asilimia 1 kwa kiasi cha kunitia wasiwasi. Lakini tusidanganyane kuhusu kipimo hiki. Multimita yangu ya kawaida, kwa maelezo ya kijitabu chake, inaweza yenyewe kukosea asilimia 0.8 na tarakimu kadhaa za mwisho. Mita ya hivyo haiwezi kuithibitisha rezista ya asilimia 1. Inachoweza kufanya vizuri ni kulinganisha, kwa sababu kosa lake ni lilelile kwa rezista hii na ile inayofuata.

Na kulinganisha kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nilijenga ngazi ya R-2R ya biti nane, ile inayogeuza namba kuwa volti kwa rezista tupu: inataka 20k tisa na 10k saba, na sanduku linazo. Ukubwa halisi wa 10k hapo si hoja. Kinachotakiwa ni kwamba 20k ziwe mara mbili ya 10k kwa ukaribu wa hali ya juu, hasa kwenye biti kubwa, kwani hatua moja kati ya 256 ni kama asilimia 0.4 na rezista za asilimia 1 zinaweza kuimeza hatua hiyo yote. Kwa hiyo nilizipanga kwa mita, zinazofanana zaidi nikaziweka kwenye biti za juu, zilizobaki chini. Ukiwa na 20 za kuchagulia unaweza kufanya hivyo. Ukiwa na tano ulizonunua kwa kuhesabu huwezi. Hii ni hoja ya kuwa na akiba ambayo huwa haitajwi.

Mawili zaidi kuhusu upimaji, kwa haraka. 1M usiibane kwa vidole vya mikono yote miwili wakati wa kupima, kwani mwili wako unaingia sambamba na namba inashuka. Na 10 omu, gusanisha kwanza nyaya za mita zenyewe uone zinaonyesha ngapi, mara nyingi 0.2 au 0.3, kisha utoe; asilimia 1 ya 10 omu ni 0.1 tu, nyaya zako zina makosa kuliko rezista.

Sasa miguu, na hapa ndipo bei ndogo inapojionyesha. Rezista ya robo wati ya kiwanda makini kwa kawaida ina mguu wa unene wa karibu milimita 0.6. Hizi ni kama 0.4. Kwenye bodi ya kulehemu hutajali. Kwenye bredibodi utajali, kwani mguu mwembamba unapinda unapousukuma, na kwenye shimo lililolegea kwa matumizi unacheza, saketi inawaka na kuzimika ukipumua. Nimejifunza kukata miguu mifupi kabla ya kuichomeka, na kuikata kwa mshazari ili ncha iingie bila kubishana.

Tena ni ya chuma. Lete sumaku uone inavyourukia mguu. Tahadhari tu, upime mbali na mwili, kwa sababu rezista nzuri pia huwa na vifuniko vya chuma kwenye ncha za mwili, na sumaku itavishika hata kama miguu ni ya shaba safi. Miguu ya hizi ni chuma kilichopakwa shaba na bati juu. Inalehemeka vizuri, sina malalamiko hapo, lakini ncha uliyoikata inabaki chuma kitupu na inaweza kushika kutu kwenye unyevu, na mkasi mdogo wa kukatia shaba utaharibika meno. Kwa kitu kitakachokaa nje ya nyumba miaka, mimi huchukua rezista kutoka kwingine.

Mwili, kwa upande mwingine, ni wa robo wati ya kweli, karibu milimita 6 kwa urefu. Nasema hivi kwa sababu yapo masanduku yanayoandika robo wati na ndani ni vimwili vya milimita 3 na kitu, vidogo kama punje. Muulize muuzaji urefu wa mwili kabla ya kulipa. Asipojua, picha yenye rula itakuambia.

Hiyo robo wati yenyewe iheshimuni. Kiwango hicho hutolewa kwa hewa isiyozidi nyuzi 70 hivi, rezista ikiwa na nafasi ya kupumua, na ikifikia hapo inakuwa ya moto usiotaka kuugusa. Volti 5 kwenye 100 omu ni robo wati kamili, umefika ukutani. Kwa volti 12 kikomo kiko karibu na 576 omu, yaani katika sanduku hili ni 680 kwenda juu ndizo unazoweza kuziweka peke yake kati ya chanya na hasi, na bado hiyo 680 itachemka. Mimi nikiwa na volti 12 naanzia 2k. Vyumba vya 10, 22 na 47 omu vina matumizi, lakini si ya kuchezea volti nyingi bila kupiga hesabu kwanza.

Taa za LED ndizo zinazomaliza 220 na 330 kwa watu wengi. LED nyekundu ina volti kama 2, kwa hiyo kwenye volti 5 inabaki 3 ya kugawa: 220 inapitisha miliampea 13 na ushei, 330 inapitisha 9. Ni nyingi mno kwa taa ya kuonyesha tu kwamba kifaa kimewashwa. LED za sasa zinang'aa vya kutosha kwa miliampea 3, nami huweka 1k, macho yanapumzika na betri inadumu. Ukifuata hivyo, 1k itapanda kuwa ya pili baada ya 10k kwa kuisha, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo ninayoiweka kwenye beisi, mguu wa kuingizia amri, ya transista ndogo.

4.7k ni ya tatu. Waya mbili za I2C, njia ya vifaa kuwasiliana, zinataka moja kila mmoja, sensa ya joto ya DS18B20 inataka yake. Unajua zitaisha, na zinaisha.

Kwa sauti, utando wa metali una kelele ndogo kuliko kaboni, na kwenye ingizo la kipaza sauti tofauti inasikika. Kwa joto pia ni tulivu: sanduku linadai sehemu 100 kwa milioni kwa kila nyuzi, yaani 10k ikipanda nyuzi 30 inabadilika kama omu 30. Kipima joto changu cha mezani hakilalamiki.

Ufungaji umenifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Rezista zimeshikwa kwa tepu ya karatasi pande zote mbili, na kila kundi lina kibandiko chenye namba. Usizivute kutoka kwenye tepu. Gundi inabaki kwenye miguu, inaingia ndani ya mashimo ya bredibodi, na baada ya muda mguso unakuwa mbovu bila wewe kujua kwa nini. Zikate karibu na tepu, mguu uliobaki unatosha. Kibandiko nacho kiko juu ya tepu, kwa hiyo ukikata kundi lote unakitupa. Nimeandika namba upya kwenye vyumba kwa kalamu isiyofutika, kwa mtindo wa michoro, 4K7, 2K2, herufi ikikaa mahali pa nukta, kwani nukta hufutika na herufi haifutiki. Na kifuniko cha sanduku hakigusi kuta za vyumba. Ukiligeuza, au likianguka, una rezista 600 za bluu zilizochanganyika na jioni ndefu mbele yako. Kipande cha sponji kilichokatwa kwa ukubwa wa kifuniko kinamaliza shida hiyo.

Nyota nne kati ya tano kwa mnunuzi wa kwanza. Kwa mnunuzi wa pili mbili, kwani atalipia tena 300k na 680k zilezile alizonazo.

Badala ya sanduku la pili, mimi ninaagiza mifuko ya mia mia, ambako bei ya kipande kimoja hushuka vibaya sana: 330, 1k, 4.7k, 10k na 100k. Kisha mifuko midogo ya kuziba mashimo: 120, 1.5k, 15k, 22k na 33k, na hizi nazichukua kwa kiwanda chenye jina na miguu ya shaba, kwa kuwa tofauti ya bei kwa mfuko ni ndogo. Zinaingia kwenye vyumba vya 51k na 300k, ambavyo wakazi wake nimewahamishia kwenye bahasha. Vitu ambavyo sanduku lolote la namna hii halina, usivitafute humo: rezista nyeupe za saruji za wati 5 za kujaribia chaja, zile za 0.1 omu za kupimia mkondo, na za asilimia 0.1 za kugawa volti mbele ya kipimo. Za asilimia 0.1 nanunua mbili mbili, nikiwa na mchoro mkononi.